Heliamu: maswali ambayo wanafunzi wa sayansi huniuliza mara kwa mara

Nafundisha fizikia Senior 5 na Senior 6 hapa Kampala. Kila mwaka tukifika kwenye gesi, na tena tukifika kwenye mnururisho, heliamu huzua maswali kuliko elementi nyingine yoyote. Mengine huulizwa darasani, mengine huja kwenye simu usiku kabla ya mtihani. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Pale penye hesabu, chukua kalamu uifanye mwenyewe, usiniamini tu.

Heliamu ni nini hasa?

Ni elementi ya pili katika jedwali la elementi. Atomi yake ina protoni 2, elektroni 2 na, kwa kawaida, nyutroni 2. Elektroni hizo mbili zinalijaza ganda la kwanza kabisa, kwa hiyo atomi haina la kutoa wala la kupokea, na haiungani na kitu. Haina rangi, harufu wala ladha. Haiwaki na haina sumu.

Ajabu yake kubwa iko kwenye baridi. Heliamu huchemka kwenye nyuzi −269 za Selsiasi, yaani Kelvini 4.2, chini kuliko kitu kingine chochote tunachokijua. Na ukizidi kuipoza kwa kanieneo la kawaida, haigandi kamwe. Ili iwe mgando lazima uibane kwa takriban mara 25 ya kanieneo la hewa. Shika sifa hizi mbili, kutoungana na kitu na kubaki kimiminika kwenye baridi kali, maana karibu kila jibu linalofuata limetoka humo.

Kwa nini ina jina la jua?

Kwa sababu ilionekana juani kabla ya kupatikana duniani. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na Mfaransa Pierre Janssen alikuwa Guntur, India, akiichunguza miale ya pembezoni mwa jua. Miezi miwili baadaye Mwingereza Norman Lockyer aliona katika mwanga huo mstari wa njano wenye urefu wa wimbi wa nanomita 587.6 hivi. Uko jirani na mistari miwili ya sodiamu ya 589.0 na 589.6, lakini si yenyewe. Hakuna kitu kilichojulikana maabarani kilichotoa mstari huo. Jina likatungwa kutokana na helios, neno la Kigiriki lenye maana ya jua.

Miaka 27 ilipita. Mwaka 1895 William Ramsay, London, alilitia asidi jiwe lenye urani, akakusanya gesi iliyotoka, akatazama mwanga wake. Mstari ule ule wa njano ukamtokea. Naomba uzingatie kwamba jiwe lile lilikuwa na urani. Lenyewe ndilo jibu la swali linalofuata.

Mwalimu, kama haiungani na kitu na ni nyepesi hivyo, imefikaje ndani ya mawe?

Haikufika. Ilizaliwa humo humo.

Urani na thoriamu zimo katika miamba mingi, hasa matale, kwa viwango vidogo. Viini vyake havitulii. Kila kimoja hujipunguza kwa kutupa chembe ya alfa, na chembe ya alfa ni protoni 2 na nyutroni 2, yaani kiini kamili cha heliamu. Ikishaokota elektroni 2 kutoka jirani, imekuwa atomi ya heliamu. Ernest Rutherford na Thomas Royds walilithibitisha hili Manchester. Waliiweka gesi yenye mnururisho ndani ya bomba la kioo chembamba mno, chembe za alfa zikapenya ukuta hadi chumba kilichokuwa kitupu, na baada ya siku kadhaa chumba kile kikatoa mwanga wa heliamu.

Kiini kimoja cha urani-238 hutupa chembe 8 za alfa kabla ya kutulia kama risasi-206. Thoriamu-232 hutupa 6. Ila mwendo wake ni wa kobe, kwani nusu-maisha ya urani-238, yaani muda wa nusu ya viini vyake kuvunjika, ni miaka bilioni 4.5. Tufanye hesabu ninayoipenda kuliko zote. Gramu moja ya urani-238 ina viini vinavyovunjika 12,400 hivi kila sekunde. Zidisha kwa 8, zidisha kwa sekunde za mwaka mzima, utapata atomi 3.1 × 10¹² za heliamu. Tani nzima ya urani, mwaka mzima, hutoa sentimita za ujazo 0.12 tu, ambazo hazijai hata kifuniko cha kalamu.

Sasa chukua puto la kawaida la sherehe lenye kipenyo cha sentimita 30. Linaingia lita 14. Tani moja ya urani ingehitaji zaidi ya miaka 100,000 kulijaza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kimejazwa tangu enzi ambazo hata wanyama hawakuwapo. Ndiyo maana sioni haya kuwaambia wanafunzi wangu kwamba ninapoliona puto limeshika tawi la mwembe likisinyaa, roho inaniuma.

Nimesoma kwamba heliamu ni elementi ya pili kwa wingi ulimwenguni. Uhaba unatoka wapi?

Ni kweli, karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida ulimwenguni ni heliamu. Lakini iko kwenye nyota na kwenye sayari kubwa kama Mshtarii. Dunia yetu ni ndogo, mvuto wake hauwezi kuishika. Atomi nyepesi zikifika juu kabisa penye joto kali hupata kasi kubwa, na chache kati yake huvuka kasi ya kuponyoka ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Nyingine hupoteza elektroni na kuchukuliwa na nguvu za umeme na sumaku kwenye ncha za dunia. Kwa jumla dunia hupoteza gramu 50 hivi za heliamu kila sekunde, na miamba chini inaendelea kutoa nyingine taratibu. Mizani hiyo imeacha angani sehemu 5.2 tu katika milioni.

Basi tuichuje kutoka hewani?

Inawezekana. Ila kupata mita moja ya ujazo ya heliamu utapoza na kuchuja mita za ujazo 190,000 za hewa (gawa 1 kwa 0.00000524). Linganisha na agoni, gesi inayotumika kwenye kuchomelea alumini. Hiyo ni karibu asilimia 1 ya hewa, mara 1,800 ya heliamu, kwa hiyo viwanda vya gesi huichota hewani bila shida. Bei ya heliamu ya hewani ingekuwa kubwa mno kwa karibu kila mtu.

Inatumika wapi, ukiacha maputo?

Maputo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kupoza, na mfano ulio karibu nasi ni mashine ya MRI hospitalini, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku.

Ndani ya MRI kuna nyaya za niobiamu na titaniamu zilizosukwa kuwa sumaku. Zikipozwa chini ya Kelvini 9 hivi, ukinzani wake unatoweka kabisa. Umeme ukiingizwa mara moja huzunguka miaka na miaka bila kupungua, na kuzaa usumaku wa tesla 1.5 au 3. Heike Kamerlingh Onnes ndiye aliyeiona tabia hiyo kwanza, mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, katika zebaki. Aliweza kuiona kwa sababu miaka mitatu kabla, tarehe 10 Julai 1908, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kwanza kuigeuza heliamu kuwa kimiminika. Nitrojeni kimiminika haifiki huko. Yenyewe inaganda ikiwa nyuzi −210, na hapo bado uko juu ya Kelvini 60.

Mashine za kawaida hubeba kati ya lita 1,500 na 2,000 za heliamu kimiminika. Lita moja ikichemka huwa lita 750 hivi za gesi. Kwa hiyo sumaku ikipata joto ghafla, zaidi ya lita milioni moja za gesi zinapaswa kutoka nje haraka. Ukitembelea hospitali yenye MRI, tazama paani au ukutani utafute bomba nene linalotokea kwenye chumba hicho. Limewekwa kwa ajili ya dakika hiyo moja. Na kwetu ambako umeme hukatika, jua kwamba mtambo wa kupoza ukizimika muda mrefu heliamu huanza kuchemka polepole na kupotea, na kujaza upya ni gharama inayoweza kuifanya mashine nzuri ikae imefunikwa kitambaa.

Kuna mengine mengi. Mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wenye mzingo wa kilomita 27 unatumia zaidi ya tani 100 za heliamu kuzipoza sumaku zake hadi Kelvini 1.9. Roketi zinazobeba haidrojeni kimiminika hutumia heliamu kuisukuma na kuyasafisha matangi, maana kwenye nyuzi −253 gesi nyingine karibu zote zingeganda mabombani. Viwanda vya chipu za kompyuta huipitisha nyuma ya vipande vya silikoni kwa sababu inahamisha joto haraka na haiungani na chochote. Wazamiaji wa kina kirefu huchanganyiwa heliamu na oksijeni, kwani nitrojeni ikibanwa huko chini huwalevya.

Halafu kuna mkongo. Intaneti unayosomea ukurasa huu imepita kwenye nyuzi za kioo kutoka pwani ya Mombasa hadi hapa, na kiwandani nyuzi kama hizo zinapovutwa zikiwa za moto hupozwa ndani ya heliamu. Huhitaji kuwa mgonjwa wala mwanafizikia ili uwe umeshaitumia.

Na kwa sababu atomi yake ni ndogo mno, ndiyo gesi ya kutafutia matundu. Ipulizie nje ya chombo unachotaka kisivuje, weka kipimo cha heliamu ndani, na tundu lisiloonekana kwa macho litajitaja.

Je, MRI inaweza kufanya kazi bila heliamu?

Ndiyo, na hapa naandika kwa fahari. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kundi lililoongozwa na Johnes Obungoloch likishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani liliunganisha mashine ndogo ya MRI papo hapo chuoni kutokana na vipande vilivyoletwa. Badala ya nyaya za kupozwa walipanga sumaku nyingi ndogo za kudumu kwenye duara. Usumaku wake ni takriban tesla 0.05, mara 30 chini ya ule wa tesla 1.5. Haihitaji heliamu hata tone, na umeme inaotumia ni mdogo.

Picha zake si kali kama za mashine kubwa, na sitaki mtu adhani zinalingana. Lakini swali lililowasukuma lilikuwa la hapa kwetu, la watoto wenye kichwa maji, maradhi ambayo hospitali ya CURE ya Mbale imejulikana duniani kwa kuyatibu. Ili kuona maji yamejaa wapi ndani ya kichwa cha mtoto, huhitaji kila unywele uonekane. Hawa hawakukaa wakisubiri heliamu ishuke bei. Walijiuliza daktari anahitaji kuona nini hasa, wakajenga kinachotosha.

Wenye viwanda nao wametengeneza MRI zilizofungwa kabisa zenye lita chache tu za heliamu, chini ya 10, zisizohitaji kujazwa tena. Huko ndiko mambo yanakoelekea.

Puto moja linaweza kuinua nini?

Hesabu za vitabuni hufanywa usawa wa bahari. Tuifanye ya Kampala. Hapa tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kanieneo ni kilopaskali 88 au karibu na hapo. Kwa joto la nyuzi 25 lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.03, na lita ya heliamu gramu 0.14. Tofauti ni gramu 0.89, na hiyo ndiyo inayoinua. Mombasa tofauti hiyo ni gramu 1.02.

Puto letu la lita 14 basi linainua gramu 12 na nusu. Toa gramu 3 za mpira wenyewe, zinabaki 9 na ushee. Karatasi moja ya A4 ni gramu 5. Puto linabeba karatasi moja kwa raha, la pili linalishinda. Mtoto wa kilo 30 angehitaji maputo zaidi ya 3,000, kwa hiyo mdogo wako hatapaa na matano aliyofungiwa mkononi.

Haidrojeni ni nyepesi zaidi na ni rahisi kutengeneza. Kwa nini tusiitumie hiyo?

Kwanza, faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Haidrojeni ina nusu ya uzito wa heliamu, lakini kinachoinua ni tofauti na hewa, na tofauti hiyo inazidi kwa asilimia 8 tu. Pili, inawaka. Tarehe 6 Mei 1937 chombo cha angani Hindenburg, kilichojazwa haidrojeni, kiliteketea New Jersey, watu 36 wakafa. Wajerumani walikisanifu kwa ajili ya heliamu, lakini wakati huo Marekani ndiyo iliyokuwa nayo na sheria yake ilizuia kuiuza nje. Uhaba una historia ndefu.

Puto la hali ya hewa linalorushwa na wataalamu uwanjani, mbali na moto, ni jambo jingine, na vituo vingi hutumia haidrojeni. Ukumbini ni hatari.

Nieleze lililonikuta. Kwenye mahafali ya mpwa wangu muuzaji alileta maputo yanayoelea, akasema ni ya heliamu. Nikaugusa mtungi wake, ulikuwa wa moto. Mdomoni kulikuwa na unga mweupe uliokauka. Mtungi wa heliamu unapofunguliwa haupati moto wa namna ile. Nilipomuuliza kwa upole, kijana alinieleza bila kuficha kwamba anatia maji, kostiki soda na vipande vya sufuria za alumini. Hiyo ni haidrojeni, na mvuke wa kostiki juu yake. Mita mbili kutoka pale palikuwa na keki na mishumaa ya cheche tayari kuwashwa. Tuliyatoa maputo yote nje, tukayatoboa mmoja mmoja uwanjani. Sherehe iliendelea.

Kwa hiyo ukiona maputo yanaelea kwa bei ya kutupa, uliza. Tazama mtungi: wa heliamu hutoka kiwandani umefungwa, una kipimo, na una jina la gesi. Na kamwe usipime kwa kiberiti.

Kuna ubaya gani kuivuta kidogo ili sauti iwe nyembamba?

Sauti husafiri kwenye heliamu kwa takriban mita 1,000 kwa sekunde, kwenye hewa mita 343. Nyuzi za koo lako zinatetema kama kawaida, lakini mwangwi wa koo na kinywa unapanda, kwa hiyo sauti inakuwa kama ya katuni. Hiyo ndiyo sayansi yake, na unaweza kuijifunza bila kuvuta.

Ubaya ni kwamba mapafu yaliyojaa heliamu hayana oksijeni. Mwili hukwambia unakosa pumzi pale kaboni dioksidi inapojaa, na hapa haijai, unaitoa kama kawaida. Unazimia bila onyo. Kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye mtungi ni hatari zaidi, maana kanieneo lake linaweza kupasua mapafu. Watu wamekufa. Sitalipamba jibu hili.

Heliamu inaisha kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Hapa wanafunzi huchanganya mambo mawili. Kuna uhaba wa soko, unaokuja na kuondoka, na kuna uhaba wa ardhi, ambao ni wa kudumu.

Tuanze na soko. Dunia nzima hutoa kati ya mita za ujazo milioni 160 na 180 kwa mwaka, na Marekani na Qatar pekee hutoa takriban robo tatu au zaidi. Algeria na Urusi zinafuata kwa mbali. Karibu yote hutoka kama zao la pembeni la gesi asilia. Heliamu iliyotoka kwenye matale ilipanda, ikanaswa chini ya tabaka lile lile la chumvi au jiwe gumu lililonasa gesi ya kupikia. Qatar gesi yao ina heliamu asilimia 0.04 tu, lakini wanapoipoza gesi asilia hadi nyuzi −162 ili ipakiwe melini, kila kitu kinakuwa kimiminika isipokuwa vichache, heliamu ikiwamo. Inabaki imejikusanya yenyewe.

Visima vichache, viwanda vichache, na mlango mwembamba wa bahari wa Hormuz, njia ya meli za Qatar. Mwaka 2017 majirani wa Qatar walipoiwekea vikwazo, viwanda vyake vya heliamu vilisimama kwa muda na maabara duniani zikapungukiwa. Urusi nayo ilijenga kiwanda kikubwa Amur. Kikaungua Oktoba 2021, kikalipuka Januari 2022, na matumaini yakaahirishwa. Hata bila mikasa, heliamu kimiminika haihifadhiki kama mafuta. Makontena yake maalumu huishikilia takriban mwezi mmoja na nusu, kisha inaanza kuchemka na kutoka. Sisi ambao mizigo yetu hutua Mombasa kisha ikapanda malori hadi Malaba tunalisikia hilo zaidi kuliko walio karibu na bandari.

Sasa uhaba wa ardhi. Iliyomo chini ni nyingi, na hakuna atakayeamka kesho akute imekwisha. Lakini kumbuka hesabu ya urani. Tunachota kwa miongo kilichojazwa kwa mamilioni ya miaka, na kila tunachoachia kinakwenda anga za juu. Chuma kikitupwa unaweza kukiokota jaani. Maji ukiyatumia yatarudi na mvua. Heliamu ni ile ya maji yakimwagika hayazoleki, kwa maana yake halisi. Na nyingi haikumwagika kwenye maputo. Imetoka kwenye visima vya gesi ambako hakuna aliyejishughulisha kuitenga, ikapita jikoni kwa watu kupitia kichomeo, haikuungua, ikaenda zake.

Ni kweli Marekani iliuza akiba yake?

Ni kweli. Marekani ilianza kuweka akiba mwaka 1925, ikiwazia vyombo vya angani vya kijeshi, na kwa miongo mingi iliirudisha heliamu chini ya ardhi karibu na Amarillo, Texas. Mwaka 1996 sheria iliagiza akiba iuzwe ili deni lake la zaidi ya dola bilioni moja lilipwe, na bei ikapangwa kwa kuangalia deni, si kwa kuangalia uhaba. Ikawa rahisi kupita kiasi, na ikachezewa. Robert Richardson, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka huo huo kwa kazi ya heliamu-3 (ile yenye nyutroni 1 badala ya 2, isiyotokana na chembe za alfa), alilia sana juu ya jambo hili. Mwaka 2010 alisema kwamba kwa haki puto moja lingeuzwa dola 100 hivi. Mwaka 2024 mitambo na kilichobaki vilikabidhiwa kampuni binafsi. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa, na nafundisha hivyo.

Na ile ya Rukwa, Tanzania?

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde la Rukwa huenda lina heliamu ya futi za ujazo bilioni 54, sawa na mita za ujazo bilioni 1.5. Igawe kwa matumizi ya dunia, utapata miaka 9 hivi. Hayo ni makadirio. Kati ya makadirio na mtungi kuna kuchimba, na kuchimba kumechukua miaka. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula kilipandisha heliamu hadi juu.

Kinachonivutia zaidi ni namna ilivyotafutwa. Kwa mara ya kwanza heliamu ilitafutwa kwa ajili yake yenyewe, badala ya kukutwa na watu wanaotafuta gesi. Hoja ilikuwa hii: miamba ya kale sana ya Tanzania imeshikilia heliamu yake kwa mabilioni ya miaka kwa sababu ni baridi na imetulia. Bonde la Ufa lilipopasuka, joto la volkano likaiamsha, heliamu ikatoka pamoja na nitrojeni. Ukiwa mbali na volkano, haijatoka. Ukiwa karibu mno, kaboni dioksidi inaizidi na kuizimua. Unatafuta pale katikati, tena penye udongo mzito juu wa kuifunika. Na gesi ya huko imechanganyika na nitrojeni, haichomwi kama gesi ya kupikia, kwa hiyo heliamu inaweza kutolewa bila kubeba mzigo wa mafuta.

Mwalimu, na sisi Uganda?

Swali hili huulizwa kwa macho yanayong'aa, nami hulijibu taratibu. Rukwa na Ziwa Albert ziko kwenye mkono ule ule wa magharibi wa Bonde la Ufa. Tuna miamba ya kale, tuna joto, tuna mabonde yaliyojaa mashapo mazito, na mashapo hayo yameshika mafuta tuliyoyagundua kwa kiwango cha biashara mwaka 2006. Ukifika Sempaya, Bundibugyo, ambako wageni huchemsha mayai na ndizi kwenye chemchemi, utaona mapovu yakipanda majini bila kukoma. Watafiti wamepima heliamu katika gesi za chemchemi hizo, ziitwazo pia Buranga, wakakuta heliamu-3 kwa uwiano unaoonyesha kwamba kirefu chini kuna magma.

Hiyo ni dalili ya kilichomo chini, si hazina. Kuwapo kwa heliamu kwenye mapovu ni jambo moja, na kujikusanya kwake chini ya kifuniko kisichovuja ni jingine. Lakini mwanafunzi anayejua jiolojia ya mafuta ya Albertine ameshajifunza nusu ya kazi ya kutafuta heliamu, na sijui kwa nini tunawaambia watoto kwamba jiolojia ni somo la wasiopata nafasi ya udaktari.

Muungano wa nyuklia si utatutengenezea heliamu?

Muungano huo, yaani kuunganisha viini vya haidrojeni ili kupata nishati, utaitengeneza, lakini kidogo. Mtambo wa megawati 1,000 za umeme, mkubwa kuliko bwawa letu la umeme la Karuma la megawati 600, ungetoa kilo 220 hivi za heliamu kwa mwaka, mita za ujazo 1,250. Mitambo elfu moja ya namna hiyo isingefikisha asilimia 1 ya mahitaji ya sasa.

Tunaweza kuipunguza vipi?

Maabara na hospitali zinaweza kuikusanya gesi inayochemka na kuirudisha kuwa kimiminika, na wanaofanya hivyo huokoa sehemu kubwa sana. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kubaki na agoni. Mapambo ya sherehe yanaweza kujazwa hewa na kutundikwa kwa uzi au vijiti, kama mafundi wengi wa mapambo Kampala wanavyofanya tayari, na yanapendeza.

Nikipewa puto la heliamu, nifanye jaribio gani?

Ukiwa na uhakika ni heliamu, usiliachie. Funga uzi mfupi chini yake, utundike vibanio vya karatasi kimoja kimoja hadi puto lisimame hewani, lisipande wala lisishuke. Kata vipande vidogo vya karatasi kwa marekebisho ya mwisho. Zima feni, funga madirisha. Andika saa na uzito wote uliotundikwa. Rudia kila baada ya saa mbili, ukiondoa vibanio kadiri puto linavyochoka. Chora grafu. Puto la mpira litakuwa limeshindwa kuinua kitu kesho yake asubuhi, kwa sababu atomi zinapenya kwenye mpira wenyewe, bila tundu. La karatasi ya kung'aa litakaa siku nyingi. Ukiwa nayo yote mawili, yapime sambamba, na ulete grafu zote mbili darasani.